Hiyo C inawekwa mstari gani?

Swali: «Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, PCM, hapa Tanga mjini. Tulipewa dy/dx = 2xy, tukaambiwa x ikiwa 0, y ni 3. Nikatenganisha (y upande mmoja, x upande mwingine), nikapata ln y = x², nikaandika y = e^(x²), kisha nikaongeza C: y = e^(x²) + C. Nikaweka x = 0 na y = 3, C ikatoka 2. Kitabu kinasema y = 3e^(x²). Mbona hata langu nikiweka 0 linatoa 3? Kosa liko wapi? Halafu mwalimu wetu mara anaandika C, mara ln A, mara A tupu. Anachagua kwa kufuata nini? Na kwa nini milinganyo mingine ina konstanti mbili?»

Marahaba, binti yangu. Umeonyesha kila mstari ulioandika, na hilo limenirahisishia kazi. Wengi huniletea jibu la mwisho tu wakitaka niwaambie walipotea wapi.

Kwanza lipime jibu lako, na usilipime kwenye x = 0. Hapo wewe mwenyewe umelilazimisha litoe 3, kwa hiyo kutoa 3 hakuthibitishi chochote. Lirudishe kwenye mlinganyo wenyewe. Ukidifarenshieti e^(x²) + 2 unapata 2x·e^(x²). Mlinganyo unadai upate 2xy, yaani 2x·e^(x²) + 4x. Imepungua 4x. Kwenye x = 0 hiyo 4x ni sifuri, ndiyo maana hukuiona. Sogea mpaka x = 1 uone: jibu lako linasema y ni 4.72 na mteremko, yaani dy/dx, ni 5.44, ilhali mlinganyo unataka mteremko uwe mara mbili ya y, yaani 9.44. Jibu la kitabu hapo hapo linatoa y = 8.155 na mteremko 16.31. Piga mara mbili mwenyewe.

Kumbe jibu lako linapita kwenye nukta uliyopewa lakini haliutii mlinganyo. Jibu sahihi lazima litimize yote mawili.

Kosa lenyewe halipo pale ulipoandika + C. Lipo mstari mmoja nyuma, ulipoandika ln y = x² ukaachia hapo. Kuintigreti 2x ni kuuliza: ni kitu gani nikikidifarenshieti kitanipa 2x? x² ni mojawapo. x² + 7 nayo inatoa 2x, x² − 100 nayo inatoa 2x, maana namba iliyosimama peke yake ikidifarenshietiwa inafutika. Mlinganyo ulipokuja kwako namba hiyo ilikuwa imeshafutika, na hakuna ujanja wa aljebra utakaoirudisha. Unachoweza kufanya ni kuiachia nafasi yake, kwenye mstari ule ule unaointigreti:

ln y = x² + C

Kuanzia hapo C ni sehemu ya mstari. Lolote utakaloufanyia upande wa kulia, nayo inafanyiwa. Ukiondoa logi, upande wa kulia unakuwa kipeo cha e, na C inapanda pamoja na x²:

y = e^(x² + C) = e^C · e^(x²)

Umeona imegeuka nini? Ilikuwa inajumlishwa, sasa inazidisha. Wewe uliondoa logi kwanza, ukaiingiza C baadaye, ikabaki inajumlisha mahali ilipotakiwa kuzidisha. Sasa tumia sharti lako: x = 0, y = 3, e^C = 3, y = 3e^(x²). Basi.

Kuna wanaouliza kwa nini C haiandikwi pande zote mbili, wakati pande zote mbili zimeintigretiwa. Iandike ukipenda: ln y + C₁ = x² + C₂. Hamisha C₁ kulia, unabaki na C₂ − C₁, na namba isiyojulikana ukiitoa kwenye namba nyingine isiyojulikana unabaki na namba moja isiyojulikana. Ndiyo maana tunaandika moja tu.

Sasa hiyo ln A ya mwalimu wenu. Hajabadilisha hesabu, amebadilisha jina tu, na amelichagua kwa kuangalia mstari unaofuata. Alijua logi zinakuja kuondolewa, akaona C atakuja kuiandika e^C, ambayo inachosha macho. Kila namba, chanya au hasi, ni logi asilia ya namba fulani chanya, kwa hiyo ana ruhusa ya kuandika C = ln A. Hapo ln y = x² + ln A inakuwa y = A·e^(x²) kwa hatua moja. Na anapoandika A tupu, ameshairuka hatua hiyo kichwani. Mimi napendelea mwanafunzi aandike C mpaka mwisho, kisha aseme kwa maneno «tuite e^C kuwa A». Ni mstari mmoja zaidi, lakini msahihishaji anaona ulikopita.

Ruhusa hii ya kubadilisha majina ina mpaka. 2C unaweza kuiita C, −C unaweza kuiita C, e^C unaweza kuiita A. Lakini C/x huwezi kuiita C, kwa sababu x inatembea. Chukua mlinganyo huu, wa aina mnayokutana nayo kwenye mada hii:

x·dy/dx + y = 3x²

Upande wa kushoto ni xy iliyodifarenshietiwa. Kwa hiyo xy = x³ + C, na ukigawanya kwa x, y = x² + C/x. Ukipewa kwamba x = 1, y = 4, C ni 3 na jibu ni y = x² + 3/x. Aliyesahau C akaja kuibandika mwishoni ataandika y = x² + C, C itamtokea 3 vile vile, atafurahi kwamba namba imelingana na ya mwenzake, na jibu lake ni baya. Arudishe kwenye mlinganyo: x·2x + x² + 3 ni 3x² + 3. Imezidi 3. Ni ugonjwa ule ule wako, umevaa nguo nyingine.

Nirudi kidogo kwenye swali lako, maana kuna jambo tumelipita kimya kimya. Ulipotenganisha, uligawanya kwa y. Je, y ikiwa sifuri? Hairuhusiwi kugawanya, na ln 0 haipo. Lakini y = 0 kila mahali ni jibu halali la dy/dx = 2xy; jaribu, pande zote mbili ni sifuri. Tumelitupa nje kwa kule kugawanya. Vile vile intigresheni ya 1/y ni ln|y|, si ln y, na e^C haiwezi kuwa hasi, ilhali y = −5e^(x²) nayo inautii mlinganyo. Ukiandika jibu la jumla kuwa y = A·e^(x²), A ikiwa namba yoyote, chanya, hasi au sifuri, umewarudisha wote waliotupwa. Kwa sharti la y = 3 mambo haya hayakusumbui. Siku ukipewa «x = 0, y = 0» ukaanza kuhangaika na C = ln 0, kumbuka kwamba jibu lilikuwa mbele yako kabla hujagawanya.

Ukitaka kuepuka C kabisa, ipo njia, na kwenye mtihani wenye sharti mimi ndiyo ninayoitumia. Weka mipaka kwenye intigresheni zote mbili: upande wa y kuanzia 3 mpaka y, upande wa x kuanzia 0 mpaka x. Unapata ln y − ln 3 = x² moja kwa moja. Sharti limeingia tangu mwanzo na C haikuzaliwa. Lakini swali likikutaka jibu la jumla, njia hii haikufai, maana jibu la jumla ni lile lenye konstanti ndani.

Sasa nitoke kwenye x na y, maana naona wanafunzi wengi wanaitafuta C bila kujua inawakilisha nini. Chukua tanki la maji la lita 2,000 juu ya mnara wa matofali, kama yaliyojaa Chumbageni na Ngamiani, lenye upana ule ule chini mpaka juu, na koki kwenye usawa wa sakafu yake. Fungua koki. Torricelli, Mwitaliano, alieleza mwaka 1644 kwamba kasi ya maji yanayotoka inafuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji yaliyo juu ya tundu. Kwa hiyo, kimo kikiwa h:

dh/dt = −k√h

Tenganisha, intigreti, weka C hapo hapo:

2√h = −kt + C

Angalia kuna herufi mbili usizozijua, k na C, na ni za ukoo tofauti kabisa. k ilikuwepo kwenye mlinganyo tangu mwanzo. Ni mali ya koki na tanki: ukubwa wa tundu, upana wa tanki. Kesho ukifungua koki hiyo hiyo, k ni ile ile. C imezaliwa na intigresheni, na ni mali ya siku ile: tanki lilikuwa na maji kiasi gani ulipoanza kuhesabu muda. Kesho litakuwa na kiasi kingine, na C itabadilika. Wanafunzi huziita zote mbili konstanti, kisha wanashangaa kwa nini sharti moja haliwatoshi. Halitoshi kwa sababu zipo mbili za kutafuta. Unahitaji vipimo viwili.

Tuseme ulipima kwa futi kamba: mwanzoni kimo ni mita 1.44, na baada ya dakika 10 ni mita 1.00. Kipimo cha kwanza kinakupa C. Kipeuo cha 1.44 ni 1.2, na t ni sifuri, kwa hiyo C = 2.4. Cha pili kinakupa k: 2 = −10k + 2.4, kwa hiyo k = 0.04. Gawanya kwa 2:

√h = 1.2 − 0.02t

Tanki litakauka dakika ya 60. Dakika ya 30, √h ni 0.6, na h ni mita 0.36, yaani nusu ya muda imepita na imebaki robo tu ya maji. Aliyedhani maji yanashuka kwa mwendo mmoja angetegemea nusu. Hii ndiyo faida ya kuandika mlinganyo badala ya kukisia.

Sasa angalia mtego. Mwanafunzi anaondoa kipeuo, anaandika h = (1.2 − 0.02t)², na anaulizwa kimo dakika ya 90. Anaweka 90, mabano yanatoa −0.6, anazidisha −0.6 kwa −0.6, anapata mita 0.36. Yaani tanki lililokauka dakika ya 60 limejijaza lenyewe, bila mvua wala Mamlaka ya Maji! Kikokotoo hakitakuambia kitu. Mstari wenye √h ungekuambia, maana kipeuo hiki hakiwi hasi, kwa hiyo mstari huo unaishia dakika ya 60, na baada ya hapo h ni sifuri tu. Ndiyo maana huwa nasisitiza C itafutwe kwenye mstari wa mwanzo kabisa inapojitokeza, kabla ya kupandisha kwenye vipeo na kupanga upya. Namba ni nyepesi zaidi, na mipaka ya jibu bado inaonekana.

Na lipo la ndani zaidi kwenye tanki hili hili. Tuseme hukuwepo. Umefika dakika ya 90, umechungulia, tanki ni tupu. Unajua k. Je, unaweza kupata C? Weka h = 0 na t = 90 kwenye mstari: 0 = −3.6 + C, C = 3.6, kwa hiyo mwanzoni √h ilikuwa 1.8 na kimo mita 3.24. Hesabu imekubali, lakini imedhani maji yameisha dakika ile ile uliyochungulia. Huenda yaliisha dakika ya 60. Huenda tanki lilikuwa tupu tangu jana. Historia zote hizo zinaishia kwenye tanki tupu lile lile, na sharti la «h ni sifuri» haliwezi kuzitofautisha. Kwa sharti la kimo kilicho juu ya sifuri, maji yakiwa bado yapo, C ni moja tu. Kwa hiyo si kila sharti linafaa kutafutia C, na mwenye kutunga swali ana wajibu wa kukupa linalofaa.

Swali lako la mwisho, konstanti mbili. Kila unapointigreti mara moja, C moja inazaliwa. Mlinganyo wenye d²y/dx² unaintigretiwa mara mbili, kwa hiyo zinazaliwa mbili. Kwa d²y/dx² = 6x: mara ya kwanza dy/dx = 3x² + C, mara ya pili y = x³ + Cx + D. C imepata x kwa sababu ilikuwepo wakati wa intigresheni ya pili. Aliyezibandika zote mwishoni ataandika x³ + C + D, ambazo kwa kweli ni moja.

Na kwa nini sharti moja halitoshi hapo, nenda ufukweni Sahare ukamwambie mvuvi kwamba maji yapo nusu. Atakuuliza: yanajaa au yanakupwa? Kimo peke yake hakimwambii saa ya kusukuma ngalawa. Kwa hesabu ya kukadiria, kimo cha bahari kutoka usawa wa katikati kinafuata

d²h/dt² = −ω²h

na jibu la jumla ni h = A cos ωt + B sin ωt. Mzunguko mmoja wa maji kujaa na kupwa huchukua kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo ω, ambayo ni 2π ikigawanywa kwa muda huo, ni karibu 0.506 kwa saa. Ukianza saa yako maji yakiwa nusu kamili, h = 0, unapata A = 0, na B bado huijui, hata kama ni chanya au hasi. Ongeza sharti la pili, kwamba wakati huo maji yanapanda kwa mita 0.75 kwa saa. Difarenshieti, weka t = 0: Bω = 0.75, B ni karibu 1.48. Sasa unajua maji yatajaa juu kabisa baada ya robo ya mzunguko, yaani saa 3 na dakika 6, na yatakuwa mita 1.48 juu ya usawa wa katikati. Kwa Tanga wakati wa bamvua hicho si kimo cha ajabu. Maji mafu yakija, B itakuwa ndogo zaidi. Lakini ω itabaki pale pale.

Ungeweza kupewa vimo viwili badala ya kimo na mwendo, na mara nyingi vinatosha. Ila viwe vya nyakati zisizopishana kwa nusu mzunguko. Ukipima maji yakiwa nusu, ukapima tena baada ya saa 6 na dakika 12, utayakuta nusu tena, na B utakuwa hujaipata. Umepima mara mbili, umeambiwa jambo moja.

Kabla hujaenda kwenye mazoezi ya kitabu, fanya hili moja: dy/dx = y², na x ikiwa 0, y ni ½. Ukiweka C kwenye mstari wa intigresheni utapata −1/y = x + C, C ni −2, na y = 1/(2 − x), jibu linaloanzia kwenye sharti lako na kukoma kabla x haijafika 2. Ukiiweka mwishoni utaandika y = −1/x + C, na utakapotaka kuweka x = 0 kikokotoo kitakukatalia.